Karai la Ndimu la Mama Zuhura

Sauti ya Zuhura ilinikuta maabara, mikono ndani ya glovu, simu ikijisemea peke yake juu ya meza. "Madamu, Mama ametutoka. Tumeshamzika jana. Usihangaike, utakuja ukipata nafasi." Nikaisikiliza tena, nikavua glovu, nikakasirika. Usihangaike! Nilikaa kwenye nyumba ya mwanamke yule mwaka mzima, nikala ugali wake wa muhogo, nikanuniwa naye wiki baada ya wiki bila kufukuzwa, halafu leo naambiwa nisihangaike kama vile mimi ni mteja wake wa dagaa. Kesho yake nilikuwa kwenye ndege ya Kigoma. Ndani ya mkoba, nimekifunga kwenye leso, nilibeba kioo cha mviringo kinachotosha kiganjani. Nilikuwa nimepanga kumpelekea mwenyewe mwisho wa muhula, kwa sababu kati ya watu wote duniani yeye ndiye niliyetaka akijaribu. Nikachelewa. Jambo hilo limeniuma, bado linaniuma ninapoandika, na sitajifanya kwamba limepita.

Mwaka ule niliokaa kwake nilikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, mwembamba, mjuaji, mwenye mdomo. Profesa wangu wa Dar es Salaam alikuwa na mradi wa taa za wavuvi. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa gizani: taa inaning'inizwa juu ya maji, dagaa wanaifuata, wavu unainuliwa. Profesa alitaka taa yenye kijani safi, rangi inayozama mbali majini, na isiyomaliza betri haraka. Kazi hiyo ilifanywa na chembe za nano, vitu vidogo mno hata darubini ya shule haivioni. Unazipaka kwenye kioo, unakiweka kioo mbele ya balbu ya bluu, zinameza bluu na kutoa kijani ambacho ukikiona mara ya kwanza unacheka bila sababu. Ubaya wake, chembe zenyewe ni dhaifu kupita kiasi. Unyevu wa hewa tu unaziua. Ubaya wa pili, ndani yake mna risasi, yale madini, na madini hayo ni sumu. Kwa hiyo tulizijengea fremu ya zinki yenye vitundu, mfano wa sega la nyuki, ila vitundu vyake vidogo kiasi kwamba mwanga unapita na maji yanabaki nje. Juu yake tukapaka ngozi nyembamba ya plastiki. Fremu hiyo ilikuwa na kazi mbili: kuzuia maji yasiziue chembe, na kuzuia risasi isitoke kwenda kwenye maji. Nami nilitumwa Kigoma na swali moja: itashika? Ikishika, vioo vingetengenezwa vya mitumbwi yote ya ufukwe ule. Isiposhika, tungekuwa tumewatilia watu sumu kwenye maji wanayopikia na kunywa. Nililijua hilo tangu siku ya kwanza, na ndiyo maana mwaka mzima sikulala vizuri.

Maabara tuliazimwa chumba kimoja Bangwe, chenye dirisha lililogoma kufunguka na feni iliyogoma kuzunguka. Kulala nililala Kasingirima kwa Mama Zuhura, mjane mwenye asili ya Kongo, mmiliki wa mitumbwi miwili iliyounganishwa kwa magogo, na ndiye aliyekubali taa zake zijaribiwe. Chumba changu kilipakana na chao, na ukuta haukufika juu, uliishia pale mbao za paa zinapoanza. Hewa yote ilikuwa ya mawese na dagaa wakavu. Upande wa pili walilala Mama na bintiye Zuhura, aliyekuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wa kwanza kama desturi ilivyo. Nikawa nawasikia kila jioni nikiwa nimekaa na hesabu zangu. "Huyu Madamu anasomaka nini hasa?" Mama aliuliza. "Anasoma taa," Zuhura akajibu. Mama tena: "Taa inasomwaka?" Wakacheka mpaka kitanda kikalia, nami upande wangu nikacheka kwenye mto. Asubuhi Mama ananiwekea chai na muhogo wa kuchemsha, ananitazama juu mpaka chini: "Kula wewe. Mifupa hiyo utaipeleka wapi?" Nilikuwa nampenda, na sikuwa mtu wa kumpenda mtu haraka.

Nahodha wa mitumbwi yake alikuwa Mzee Bukuru, Mrundi wa zamani aliyeota mizizi Ujiji, mtu wa maneno machache na meno machache zaidi. Siku tunafunga vioo niliwakusanya yeye na vijana wake mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, nikawaeleza kwa kirefu. Nilisema waziwazi: humu ndani mna risasi, ni sumu, imefungiwa, kioo kikivunjika mniletee vipande, na kioo kifutwe kwa kitambaa chenye maji tu, kisisuguliwe. Wakanitazama. Halafu wakapasuka kicheko. Mzee Bukuru akavuta pembe ya wavu, akanionyesha risasi zilizoning'inia chini yake, zile za kuuzamisha. Akachukua mpya moja mfukoni, akaizungushia kamba, akaiweka kwenye magego, akaibana. Krak! "Risasi hii, Madamu? Baba yangu aliibana kwa meno. Na mimi naibana kwa meno. Ego, ndiyo, tumekusikia." Wakaendelea na kazi. Nilisimama pale na karatasi zangu nikijiona mpumbavu, na wakati huohuo nikiwaogopea, maana mtu ukimwogopesha kwa kitu alichokuwa nacho mdomoni tangu utotoni, hakuogopi. Nilirudia tena wiki iliyofuata. Wakacheka tena, safari hii kwa adabu.

Miezi ya mwanzo vioo vilishika. Kila asubuhi mitumbwi ikitia nanga nilikuwa mwaloni na tochi yangu ya zambarau, ile ya kukagulia noti, navimulika kimoja kimoja chini ya kanga. Kijani, kijani, kijani. Nilichukua maji niliyovifutia, nikayapima Bangwe kwa karatasi za kupimia risasi, zikabaki nyeupe. Profesa kwenye simu alikuwa anaimba. Wageni wafadhili walikuwa wanakuja, akasema, kwa hiyo vioo visishushwe kabisa kwenye taa, hata wakati wa mbalamwezi, vibaki kwenye hali halisi ya wavuvi. Hapo awali kila mwezi ukipevuka nilikuwa navishusha na kuvipeleka maabara. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, wanatawanyika, kwa hiyo wavuvi wanapumzika, nyavu zinashonwa, na taa zinarudishwa nyumbani kuoshwa. Na hapo ndipo jambo lilipo: mbalamwezini taa zinatoka mikononi mwa wanaume. Wanaozipokea ni wanawake, nao wana namna yao ya kuosha taa, ya mama zao na bibi zao, tangu enzi za karabai.

Nilirudi mchana ule kutoka Bangwe nikiwa na njaa. Uani taa zilikuwa zimepangwa kwenye mkeka, zinang'aa, safi kuliko nilivyowahi kuziona. Nikafurahi kwanza, mjinga mimi. Nikachuchumaa, nikajifunika kanga, nikamulika. Kioo cha kwanza kilikuwa na kijani pembeni tu, duara jembamba, katikati pameiva weusi. Cha pili vilevile. Vyote. Nikakigusa kioo kwa kucha: kimekwaruzika, ngozi ya plastiki juu yake imetoka. Nikakinusa. Ndimu. Pale mlangoni mwa jiko palikuwa na karai, na kando yake lundo la maganda ya ndimu. Fremu yetu ilikuwa imara kwenye maji, kwenye jua, kwenye joto. Kwenye tindikali ilikuwa inayeyuka, hilo tulilijua na tulilicheka, maana ziwa halina tindikali. "Madamu!" Zuhura akaita kutoka barazani. "Njoo ule, ingali moto."

Nilikwenda. Nilikaa kwenye mkeka kati ya Mama na Zuhura, kichwa hakijafika nilipo. Mgebuka wa kukaanga, ugali, sombe, yaani kisamvu, iliyowekwa mawese. Nikakata tonge, nikala, ndipo nikauliza, "Zuhura, taa mmeosha na nini?" "Mchanga wa ziwa na ndimu. Si zilikuwa zinanuka shombo?" "Na maji yake umemwaga wapi?" Akanishangaa. "Nimwage ndimu zote zile? Si nimeoshea samaki." Alikuwa na kipande mkononi, tumbo limemjaa mbele yake kiasi kwamba anakula kwa kuinamia pembeni. Nilitema nilichokuwa nacho. Nikampokonya kipande, nikainua sinia zima nikalitupa uani, kuku wakalikimbilia, nikawakimbiza kuku nikipiga kelele "Msile! Msile!" bila kujua naongea na nani. Mama Zuhura alisimama polepole. Chakula kumwagwa mchangani ndani ya nyumba ile, na mgeni, lilikuwa jambo ambalo halijapata kutokea. "Umemwaga chakula changu," alisema. "Mbele ya mwanangu mwenye mimba." Nikamweleza, risasi, fremu, ndimu, yote kwa mpigo. Akasikiliza mpaka mwisho. "Mtoto wa Zuhura itakuwaje?" "Sijui, Mama." "Wewe unayesoma, haujui?" "Sijui." Akachukua sinia, akalisuuza, akaingia ndani, na kuanzia saa hiyo akaninunia.

Maji yaliyobaki kwenye karai niliyapeleka Bangwe. Karatasi iligeuka rangi kabla sijahesabu hadi tatu. Nikavishusha vioo vyote kwenye taa siku hiyohiyo, nikavifungia kwenye ndoo yenye mfuniko. Mzee Bukuru alinuna: "Madamu, taa zilikuwa zinavua vizuri." Nikampigia Profesa. Alinisikiliza, akakohoa. "Scholastika, usitie watu hofu. Tutapaka tabaka nene zaidi la plastiki. Wageni wanakuja mwezi ujao, tiketi zimekatwa. Na hebu niambie, nani duniani anaosha taa kwa ndimu?" "Kigoma nzima, Profesa." "Basi waambie waache." Waache! Nilikuwa nimewaambia wanaume wazima kuhusu risasi mara mbili, wakaibana kwa meno mbele yangu. Nikamwambia sitafunga kioo kingine. Akasema basi nisifunge, atamtuma mtu mwingine atakayefunga, na shahada yangu nitaitafuta kwingine. Alikata simu. Nilikaa kwenye chumba kile kisicho na hewa nikatukana kwa Kiha, maana kwa Kiswahili nilikuwa nimeishiwa.

Zuhura nilimpeleka hospitali mwenyewe, kwa bajaji, taratibu kwenye kila shimo. Wakamtoa damu, ikapelekwa Dar, tukaambiwa tusubiri. Subira gani ile! Nilizoea kusubiri majibu ya mashine, sikuwahi kusubiri majibu ya mtu anayelala nyuma ya ukuta wangu na kuguna akigeuka. Mama hakunifukuza, chai ilikuwepo asubuhi, chakula kilikuwepo jioni kimefunikwa kwa sahani, lakini alikiweka na kuondoka, na nikimwamkia "Shikamoo Mama" alijibu "Marahaba" akitazama ukuta. Juu ya ukuta jioni sikusikia tena vicheko. Nilisikia mara moja tu Zuhura akiuliza, kwa sauti ndogo, "Mama, na akizaliwa haoni?" Nilijifunika shuka kichwani. Zuhura mwenyewe alikuwa bado anaongea nami, tena kwa upole, na upole wake ndio ulionitesa zaidi.

Wageni wakaja. Profesa alipanga kikao palepale Bangwe, mapazia yamefungwa, viti vya kuazima, soda. Aliwaalika na wavuvi, ili wageni wawaone wanufaika, na Mama Zuhura akaja akiwa amevaa doti mpya, akakaa nyuma karibu na mlango bila kunitazama. Profesa alizungumza vizuri, simnyimi sifa yake. Akachukua kioo kipya, chenye tabaka lake nene la plastiki, akakitumbukiza kwenye bakuli la maji ya ziwa, akazima taa, akamulika. Kijani kikajaa chumba kizima. Watu wakapiga makofi, hata Mzee Bukuru. Nikasimama. "Samahani. Naomba ndimu na mchanga." Profesa akasema bila kugeuka, "Scholastika, kaa." "Sikai, Profesa. Naomba ndimu." Mgeni mmoja mama wa makamo akauliza kinachoendelea. Kwa muda nilidhani nitasimama pale mpaka nizeeke. Kisha nikasikia kiti kinasogezwa nyuma. Mama Zuhura alikuwa anakuja mbele, anafungua fundo la pembe ya kanga yake. Ndani mlikuwa na ndimu mbili na mchanga kwenye kipande cha nailoni. Alitoka navyo nyumbani. "Hii hapa, Madamu," akasema. "Mimi ndiye ninayeosha taa. Acha nioshe."

Nilimvisha glovu, vidole vyake vinene vikakataa kuingia, nikavuta mpaka vikaingia. Akasugua kioo kama anavyosugua siku zote, kwa nguvu, duara duara, mchanga ukilia, wala hakuongeza wala hakupunguza. Plastiki nene ikachunika kama ile nyembamba. Akakamua ndimu. Nikazima taa tena na kumulika. Kwanza hakuna kilichobadilika, na nilimsikia Profesa akivuta pumzi ya ushindi. Halafu katikati pakafifia. Doa dogo, likakua, kijani kikirudi pembeni polepole, mpaka likabaki duara jembamba kama lile la uani. Nikachovya karatasi ya kupimia, nikaiinua, rangi yake ikaonekana hata kwa waliokaa nyuma. "Na maji haya," Mama Zuhura akawaambia wageni, "tunaosheaka samaki. Mwanangu amekula." Mgeni yule mama akaweka soda yake chini. Akaniuliza mimi, si Profesa, kama ipo fremu inayohimili tindikali. Nikasema huenda ipo, sijui, ila hii sio. Vioo havikushuka tena ziwani. Profesa hakunisemesha mpaka anapanda ndege, na shahada yangu ilikuja kukamilika chini ya msimamizi mwingine, kwa kuchelewa sana. Sijutii hata kidogo.

Majibu ya damu yalifika siku chache baadaye. Daktari, kijana mwenye macho ya usingizi, alisema risasi ipo kwenye damu ya Zuhura, kidogo, si ya kutisha, atafuatiliwa. Nikamuuliza imetoka kwenye vioo vyetu au wapi. Akamuuliza Zuhura kama amewahi kufanya kazi ya nyavu. "Nimezibana risasi za baba tangu nina meno ya utoto," Zuhura akasema. Daktari akainua mabega: hawezi kuzitenganisha. Mpaka leo hakuna aliyezitenganisha. Mzee Bukuru alipata habari, na juma lililofuata nilimkuta mwaloni na koleo jipya, anabana risasi moja moja, amekunja uso kama mtu anayekula kwa mkono wa kushoto. Zuhura akajifungua mtoto wa kike, mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nilikuwa nimekaa nje ya wodi, nimeinama, Mama akanijia na kikombe cha chai. "Kunywa. Ni ya tangawizi, si ya ndimu." Nikalia hapo hapo mbele za watu, naye akanipiga begani, "Basi, basi, mifupa wewe."

Miaka imepita. Mtoto yule yuko darasa la nne, mwalimu wake analalamika kwamba anaongea mno, na macho yake yanaona mpaka yasiyomhusu. Mimi nina mvi, nafundisha, na muda wangu wote uliobaki nimeumalizia kwenye fremu nyingine, ya madini ya zirkoni badala ya zinki, tunayoitesa kwa ndimu kabla ya kuitesa kwa kitu kingine chochote. Wanafunzi wangu wanadhani ni kichaa changu. Nilifika Kasingirima baada ya hitma, wageni wengi wameondoka, mwezi uko karibu kupevuka, na uani palikuwa na mkeka wenye taa, hizi za kawaida za dukani, zinasubiri kuoshwa. Zuhura alinikumbatia muda mrefu, halafu akaona nafungua leso. "Ndicho hicho?" "Ndicho." "Mama alikuwa anauliza kila Idi. Taa gani hiyo, Madamu anaisoma haimaliziki?" Tukacheka. Kisha akaingia jikoni akatoka na karai, lilelile, limebonyea ubavuni, na ndimu, na mchanga. Nikamvisha glovu. Akasugua kwa mkono wa mama yake hasa, nguvu ileile, mpaka nikataka kumwambia taratibu nikajizuia. Akakamua ndimu zote. Tukaacha kioo humo, tukanywa chai, tukamzungumza marehemu. Baadaye tukajifunika kanga moja vichwa vyote viwili, nikamulika. Kijani kilikuwa kimejaa, mpaka katikati. Karatasi ya kupimia ilibaki nyeupe.

"Inawaka," Zuhura akasema, pumzi yake shavuni kwangu. "Kama Mama angeona." Akatoka chini ya kanga, akachukua karai, akaenda kumwaga yale maji chooni, akalisuuza, akalisuuza tena, akalitundika kwenye msumari wake. Kisha akaja na sufuria nyingine na maji mapya, na migebuka ya jioni, na ndimu ambazo hazijaguswa. "Samaki naoshea hii, si karai," akasema, akinitazama kwa wasiwasi kidogo. "Usinune, Madamu."

"Sinuni," nikasema, nikavuta kigoda karibu na kuchukua kisu. "Hata mimi ningeoshea hiyo."